Herufi ya Kwanza

Laki sita na nusu nimezifunga kwenye leso,
leso ndani ya mkoba, mkoba kwapani.
Kwa hesabu yangu hizi si laki sita na nusu.
Ni kurasa elfu moja na mia tatu
za shilingi mia tano mia tano:
barua za mirathi, mialiko ya harusi,
mitihani ya majaribio ya shule ya Makorora,
na wazee wa mashamba ya mkonge
wanaodai kiinua mgongo hadi leo
na migongo yenyewe haiinuki tena.

Duka la Nurdini lipo Ngamiani, Barabara ya Nane,
ubavuni mwa fundi baiskeli.
"Mwanamkasi! Ile yako imeshakata roho?"
Haijakata. Inakoroma.
Ukiiwasha una muda wa kubandika chai,
kuinywa, kusuuza kikombe,
ukirudi bado inazungusha kiduara.

Akaniwekea mbili mezani, kama wachumba.

Ya kwanza mpya, nailoni bado usoni,
nyembamba kama chapati ya mtu mchoyo.
Laki sita na thelathini.
Ya pili imetumika, imepitia Dubai,
mkwaruzo kifunikoni, na gundi ya kibandiko
cha ofisi ya watu nisiowajua.
Laki tano na tisini.

Nurdini akaanza kuzitaja sifa
kama mshenga aliyeahidiwa kitu:
hii RAM nne, ile nane;
prosesa hii ya kizazi kipya, ile ya kizazi cha sita
(kumbe hata mashine huulizana ukoo);
kamera hii inaona hadi vinyweleo.
Ya nini? Anayetaka kuniona
anakijua kibaraza changu.

Betri sasa.
Mpya, saa saba. Kuukuu, mbili,
"ukiinyenyekea."
Na umeme wa kwetu Chuda
ukiondoka hauagi.
Betri nyingine elfu sabini:
kurasa mia na arobaini nisizoziandika bado.
Tisini na sabini... nikaupapasa mkoba.
Elfu kumi haipo.

"Na dhamana?"
"Mpya mwaka mzima. Hii wiki mbili, na neno langu."
"Neno lako lina risiti?"
Akajifanya anafuta vumbi.

Nikavua pete, nikavuta stuli.
"Nipe niandike."
Wateja wengine huzibinyabinya kama mapapai;
mimi niliiandikia ile mpya hati ya kiapo,
vidole vinaijua bila mimi.
Kiooni ikatoka:
*Mimi, Mwnmksi binti Shekue, ninp...*

"Bonyeza kwa nguvu," akasema Nurdini.
Kwa nguvu? Mara elfu nane kwa siku?
Marehemu baba awe *mrehemu bb*,
arudi kunidai herufi zake?
"Nitajie sentensi ya Kiswahili isiyo na a."
Akatazama dari. Akakuna kidevu.
"Njoo."
"Njoo wapi?"
"Duk—"
Akacheka mwenyewe, hadi fundi baiskeli
akachungulia na spoku mkononi.

Ile kuukuu vitufe vyake virefu, vigumu kidogo,
kila kimoja kinarudi mbio
kama mtoto aliyetumwa na kuahidiwa chenji.
Niliandika ukurasa mzima, mpaka *naapa* ya mwisho.
Zote zilikuwepo.

Tukavutana. Tisini ikawa themanini,
ikaganda, nikasimama, ikawa sitini.
Mashine yangu mgonjwa akaichukua kwa arobaini,
"ya vipuri tu, usije ukaniringia."
Betri mpya ikaingia kwenye hesabu.
Leso ilibaki na elfu sitini,
kurasa mia na ishirini ambazo hazina mwenyewe.

"Ngoja," nikamwambia, "nipe bisibisi."
Ile a ya zamani imefutika wino,
imebonyea katikati kwa ukubwa wa kidole changu cha mwisho.
Nikaing'oa. Ikatoka na sauti ndogo, kama jino la utoto.

"Sasa mimi nitauza kibodi yenye pengo?"
Nikaifunga kwenye leso, pamoja na noti.
"Wape wanaoandika *njoo*."